Kidonda Kisichouma Ndicho cha Kuogopa

Ndugu msomaji, kabla hujaendelea kusoma, vua viatu. Kaa mahali penye mwanga. Weka mguu wa kulia juu ya goti la kushoto, uutazame unyayo wako. Ukimaliza, fanya hivyo hivyo kwa mguu wa kushoto.

Je, umeona nini? Wengi wetu tunautazama uso kwenye kioo kila siku. Lakini unyayo hatujautazama tangu siku ile tulipochomwa na mwiba. Mwiba ukichoma tunainama, tunautafuta, tunautoa. Maumivu ndiyo yanayotuita. Basi somo letu la leo linahusu mguu usioita. Tukisema mguu katika somo hili tuna maana ya kuanzia kifundo cha mguu mpaka vidoleni, ila pale tutakapotaja muundi au shavu la mguu.

Mimi ni mwalimu wa watu wazima, si daktari. Sitakufundisha kutibu. Nitakueleza mambo ambayo mguu huyatangaza mapema, ili uende zahanati ungali unatembea mwenyewe. Wala usitishike bure. Magaga ya msimu wa kulima si lazima yawe ugonjwa, na miguu kuchoka baada ya kutwa nzima shambani ni jambo la kawaida.

KWA NINI MGUU NDIO WA KWANZA

Mwilini mna mishipa ya damu, inayopeleka chakula na hewa kila mahali. Mna pia mishipa ya fahamu, inayopeleka habari. Ukikanyaga kaa la moto, mishipa ya fahamu hupeleka habari upesi sana, na mguu unaondoka kabla hujasema "mama wee!" Mishipa mirefu kuliko yote ni ile inayotoka mgongoni mpaka vidole vya miguu. Kwa mtu mzima hufikia urefu wa mita moja hivi.

Sasa fikiria bomba la maji la kijiji. Maji yakipungua nguvu, nyumba gani hukosa maji mwanzo? Ni ile ya mwisho kabisa. Mguu ndiyo nyumba yetu ya mwisho. Ugonjwa unaoharibu mishipa taratibu hujionyesha kwanza huko, hata kama chanzo chake kiko mbali.

KISUKARI

Kisukari si ugonjwa wa matajiri wa mjini tu, kama tulivyozoea kusema. Uchunguzi uliofanywa Tanzania mwaka 2012 ulionyesha kwamba katika kila watu 100 wenye umri wa miaka 25 hadi 64, karibu 9 walikuwa na ugonjwa huu. Wengi wao walikuwa hawajijui.

Chakula tunachokula, ugali, wali, ndizi, mihogo, hugeuka sukari ndani ya damu. Sukari hiyo inatakiwa iingie mwilini itupe nguvu. Kwa mwenye kisukari haiingii vizuri, inabaki ndani ya damu. Ikikaa hivyo kwa miaka, inaharibu mishipa ya fahamu na kuibana mishipa ya damu.

Chukua mfano wa mkulima wa miaka hamsini na kitu. Usiku anaamka mara tatu, mara nne, kwenda kukojoa. Anadhani ni uzee. Kiu haimwishi. Asubuhi sisimizi wamejaa pale alipokojoa, watoto wanacheka. Kisha miguu inaanza mambo yake. Usiku inawaka moto, au anahisi kama sisimizi wanatambaa vidoleni. Baadaye moto unapungua, naye anashukuru, anasema amepona. Kumbe hajapona. Sasa ameingia ganzi. Anatembea kama aliyekanyaga pamba. Siku moja kandambili inamchomoka njiani, naye anaendelea hatua kumi mbele mpaka mjukuu anamwambia, "Babu, ndala yako umeiacha kule!"

Ndugu msomaji, hapo ndipo pa kushtuka. Mtu mwenye mguu mzima hawezi kuacha ndala njiani bila kujua.

Mkulima huyo akikanyaga msumari, ukapenya soli, atatembea nao kutwa. Jioni ataona damu, ataifuta, atasema, "Kidonda kidogo tu, wala hakiumi." Kesho yake atarudi shambani. Ajabu ni kwamba kidonda kinachouma hupona upesi zaidi, kwa sababu mwenye nacho huchechemea na kuupumzisha mguu bila kuambiwa na mtu. Kidonda kisichouma hukanyagwa kila siku. Kinachimbika ndani mpaka kinafika mfupani, na kwa kuwa damu nayo haifiki vizuri, nyama zinaoza. Wengine hufika hospitali wakati kilichobaki ni kukatwa mguu ili kuokoa roho.

Tena yako mengine. Mwaka 2005 madaktari wa Dar es Salaam waliandika katika jarida la kitabibu kuhusu wagonjwa wa kisukari waliotafunwa miguu na panya usiku. Wagonjwa wale walilala fofofo. Asubuhi ndipo wakaona damu na vidonda. Wazee wanasema panya huuma na kupuliza. Lakini kwa mguu wenye ganzi panya hana hata haja ya kupuliza.

Jambo kama hilo lilikwisha kuonekana miaka mingi kabla, huko Vellore, kusini mwa India. Daktari mpasuaji Mwingereza, Paul Brand, alianza kazi huko mwaka 1946, na baadaye akawahudumia wagonjwa wa ukoma. Wagonjwa walikuwa wakiamka asubuhi na kukuta sehemu ya kidole haipo. Watu walisema ukoma unakula vidole. Ikabidi mtu akeshe akiangalia, na ndipo alipoonekana panya akitafuna kidole cha mgonjwa aliyelala. Baada ya hapo mgonjwa akiruhusiwa kurudi kwao alipewa paka aende naye. Daktari Brand aliufundisha ulimwengu kwamba viungo vya wagonjwa wale havikuwa vinaoza vyenyewe. Viliharibika kwa moto, kwa miiba, kwa panya na kwa viatu vibaya, kwa sababu hapakuwa na maumivu ya kuwaonya.

KUSOMA NAMBA YA SUKARI

Hapa kisomo chetu kinatusaidia. Kupima sukari ni kutoboa ncha ya kidole na kutoa tone moja la damu. Mashine ndogo huonyesha namba. Usikubali kuambiwa tu "iko juu kidogo". Omba uione namba, uiandike kwenye daftari lako pamoja na tarehe.

Ikiwa umepima asubuhi kabla ya kula chochote, namba iliyo chini ya 6.1 ni ya kawaida. Soma "sita nukta moja". Ikifika 7.0 au zaidi, ni dalili ya kisukari, na mganga wa zahanati atataka kupima tena siku nyingine ili ahakikishe. Iliyo katikati ya hizo ni onyo. Angalia sana nukta: 11.2 si 112. Ziko pia mashine chache zinazotumia kipimo kingine chenye namba kubwa. Katika hizo 126 ni sawa na 7.0 ya mashine zetu. Kwa hiyo uliza, "Mashine hii inatumia kipimo gani?" Kuuliza si ukorofi.

UKOMA UPO BADO

Kuna watu wanaofikiri ukoma ulikwisha zamani. Umepungua sana, lakini haujaisha. Mpango wa Taifa wa kuzuia kifua kikuu na ukoma ulianza mwaka 1977, na mpaka leo wagonjwa wapya wanapatikana kila mwaka.

Ukoma huletwa na vijidudu. Aliyevigundua ni daktari wa Norway, Armauer Hansen, mwaka 1873. Kwa hiyo si laana, wala haurithiwi. Dalili yake ya mwanzo ni baka kwenye ngozi, jeupe kidogo au jekundu, lisilowasha wala kuuma. Mwambie mgonjwa afumbe macho, kisha mguse taratibu kwa kipande cha pamba juu ya baka hilo. Akishindwa kuonyesha mahali ulipomgusa, mpeleke zahanati. Miguuni ukoma huleta ganzi, na mara nyingine mguu hulegea. Mtu anashindwa kuinua vidole, anaviburuza chini, kiatu kinalika upande wa mbele.

Dawa za ukoma hutolewa bure. Mwenye mabaka machache hunywa kwa miezi 6, mwenye mengi miezi 12. Akishaanza dawa, baada ya muda mfupi haambukizi wenzake, na hakuna sababu ya kumtenga wala kumtengea sahani. Lakini mishipa ya fahamu iliyokwisha kufa dawa haiifufui. Ndiyo maana baka dogo la leo lina thamani kubwa kuliko mguu uliolemaa wa mwakani.

MIGUU INAPOVIMBA

Bonyeza muundi, ule mfupa wa mbele, kwa dole gumba. Hesabu mpaka kumi. Ondoa kidole. Je, limebaki shimo? Likibaki, maji yamejaa chini ya ngozi.

Miguu yote miwili ikivimba, chanzo mara nyingi hakiko miguuni. Yaweza kuwa moyo umechoka kusukuma damu. Mtu huyo pia hupumua kwa shida akilala chali, anataka mito miwili mitatu. Zaweza kuwa figo, na hapo uso nao huvimba asubuhi. Laweza kuwa ini, au damu iliyopungua sana. Kukanda miguu hiyo kwa maji ya moto hakutibu moyo wala figo.

Mama mwenye mimba tumtazame kwa namna ya pekee. Miguu kuvimba kidogo jioni ni kawaida kwa wajawazito wengi. Lakini kuanzia mwezi wa tano hivi, ikiwa uso na mikono vimevimba, au kichwa kinauma sana, au anaona vimulimuli, au tumbo linauma juu chini ya mbavu, apelekwe siku hiyo hiyo. Asingoje kliniki ya wiki ijayo. Hizo ni dalili za kifafa cha mimba, na kinaua mama na mtoto. Hatari hiyo haiishi siku ya kujifungua. Inaweza kuja hata siku za baadaye.

Mguu mmoja tu ukivimba ghafla, shavu la mguu likawa la moto na linauma, huenda damu imeganda ndani ya mshipa. Huwapata zaidi waliolala kitandani muda mrefu, waliopasuliwa, na akina mama waliotoka kujifungua. Tafadhali msimchue! Najua mkono wetu wa kwanza ni kuchukua mafuta na kuchua. Damu ile iliyoganda inaweza kung'oka na kukimbilia mapafuni, na mtu akafa papo hapo. Mbebeni mumpeleke.

Wenzetu wa pwani wanaujua mguu mwingine unaovimba, matende. Huletwa na minyoo midogo sana inayoenezwa na mbu. Ugawaji wa dawa kwa watu wote wa eneo zima ulianza kisiwani Mafia mwaka 2000, na Zanzibar mwaka 2001. Huanza kwa homa za mara kwa mara, mtoki, na mguu kuwa wa moto. Aliyekwisha kuvimba asikate tamaa. Akiuosha mguu kila siku kwa sabuni na maji safi, akaukausha vizuri hata kwenye mikunjo, na kuuinua anapokaa, homa zile hupungua sana.

Kuna na yule anayetembea kidogo, shavu la mguu likambana, akisimama linaachia, akienda tena linabana. Mguu wake ni wa baridi. Huyo mishipa yake ya damu imeziba, na kama anavuta sigara au kiko, mshtakiwa wa kwanza ni tumbaku.

TUSILIFICHE HILI

Vijijini kwetu mguu ukivimba au ukioza wengi husema, "Amekanyaga tego." Jirani anatazamwa vibaya. Mbuzi wanauzwa ili alipwe mtaalamu wa kuagua. Sikukatazi kuheshimu wazee wako wala mila zako. Nasema hivi: kidonda cha kisukari kinaweza kuharibika kwa siku chache tu, na siku ulizozitumia kumtafuta mchawi ndizo siku ambazo mguu ungeokolewa. Anza zahanati. Kipimo cha sukari kina gharama ndogo kuliko mbuzi mmoja, na hakigombanishi watu.

KUUTUNZA MGUU WENYE GANZI

Utazame kila jioni. Kama huwezi kuinama au macho hayaoni vizuri, tumia kipande cha kioo sakafuni, au mwombe mjukuu. Watoto wana macho makali, na kazi hii wanaipenda. Tazama hasa katikati ya vidole na chini ya sugu, kwa maana kidonda hupenda kujificha chini ya sugu. Usiikate sugu kwa wembe.

Maji ya kuoga yapime kwa kiwiko, si kwa mguu. Usiote moto kwa kunyoosha miguu jikoni wakati wa baridi. Mguu wenye ganzi utaiva bila wewe kujua. Baada ya kunawa kausha katikati ya vidole. Paka mafuta juu na kisiginoni, lakini si kati ya vidole, maana pakikaa unyevu panaota fangasi na ngozi inachanika. Ukilala, chomeka chandarua vizuri chini ya godoro au mkeka upande wa miguuni. Kitakuzuia mbu, na panya hataingia kirahisi.

Usitembee pekupeku, hata kwenda chooni. Katambuga za matairi ni imara, lakini chunguza misumari yake kila asubuhi kwa kupitisha mkono ndani. Kila kiatu kikung'ute kabla ya kuvaa.

Ukikuta kidonda, kioshe kwa maji safi na sabuni, kifunike kwa kitambaa safi, na uende zahanati kesho yake, hata kama hakiumi. Usiweke jivu, wala kinyesi cha ng'ombe, wala maji ya betri. Usifungue kapsuli ukamwagia unga wake. Unga ule hukauka juu kama ganda, na usaha unabaki chini. Kidonda kikitoa harufu, au mguu ukiwa mweusi, au ukipata homa, usilale nyumbani. Na kazi iliyo ngumu kuliko zote kwa mkulima ni hii: usiukanyagie mguu huo mpaka upone. Familia ikubali kumlimia kwa msimu mmoja.

KAZI YA KIKUNDI

Wazazi wetu wanasimulia jinsi mwaka 1973, wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya, walivyokusanyika kusikiliza redio, kusoma kitabu na kujadili, kisha wakatoka kwenda kuchimba vyoo. Nasi tufanye hivyo hivyo.

Kwanza, kila mmoja asimame juu ya karatasi wakati wa jioni, mguu unapokuwa umetanuka, na mwenzake achore kuuzunguka kwa penseli. Kata mchoro huo, uutie ndani ya kiatu unachovaa kila siku. Karatasi ikijikunja pembeni, kiatu hicho kinakubana hata kama hukihisi. Andikeni ni watu wangapi viatu vyao vinabana.

Kisha mjadili watu hawa watatu. Ni nani aende zahanati leo hii, ni nani aende kesho asubuhi kabla ya kunywa chai, na ni nani akapumzike kwanza nyumbani? Andikeni sababu zenu.

Mzee mmoja miguu yake iliwaka moto mwaka mzima, sasa haiwaki tena, na jana aliacha ndala moja sokoni bila kujua. Kijana amebeba magunia kutwa, nyayo zote mbili zinamuuma, lakini hazijavimba wala hazina ganzi. Mama mwenye mimba ya miezi saba, pete ya ndoa haitoki tena kidoleni, na tangu asubuhi anaomba mlango ufungwe kwa sababu mwanga unamuumiza kichwa.